Nambari 618 Imeshatoka

"618 imeshatoka," akasema Mike bila kuinua macho. "Imetoka asubuhi. Nani mwingine?"

Mahmoud alibaki amesimama mbele ya dirisha la makarani, kadi katika mkono mmoja, kofia yake katika mkono mwingine. Alikuwa fundi wa baiskeli kutoka Matungu, mtu wa mikono yenye grisi isiyotoka hata siku ya Idi, na hakuwa amezoea kubishana na watu waliokaa nyuma ya vioo.

"Imetoka vipi? Mama mkwe wangu amefariki alfajiri. Ndiyo nimefika sasa na gari la kumbeba."

"Mzee, mimi nasoma tu kile kompyuta inasema. 618, imechukuliwa, imesainiwa."

Nyuma yake mwanamke mmoja aliyebeba kikapu akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ameuza maiti yake, sasa anataka nyingine." Watu kwenye foleni wakacheka. Walikuwa wamesimama pale tangu asubuhi na walihitaji cha kuwachekesha.

Hospitali ile ya mtu binafsi, nje kidogo ya mji wa Kakamega, ilikuwa imeleta kompyuta mbili mwaka ule wa mvua ya Elinino. Moja ilikaa kwenye dirisha la mbele, nyingine kwenye mlango wa wagonjwa mahututi, na waya mmoja mrefu uliopita darini uliziunganisha ziwe kama daftari moja. Daktari mwenye hospitali alizionea fahari. Aliamuru majina yasiandikwe tena miguuni mwa wagonjwa wala mochari. Majina yanafanana, alisema, nambari hazifanani. Mashine yenyewe ndiyo iliyotoa nambari, karani aliinakili kwenye kadi na kwenye kibandiko, na kuanzia hapo mtu alikuwa nambari.

"Jina la marehemu?" aliuliza Abigail, karani wa pili, aliyekuwa amekuja dirishani kuomba kalamu.

"Raisa binti Ismail."

Abigail aliinama juu ya mashine ya Mike, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. "Raisa, huyu hapa. Ni 617. Kadi yako iliandikwa vibaya usiku."

"Sasa mimi ni ipi?"

"617. Lete hapa." Alichukua kadi, akaigeuza ile nane kuwa saba kwa kalamu, akairudisha chini ya kioo. "Kompyuta haikosangi, mzee. Mwenye kukosanga ni mtu. Pita nyuma."

Mahmoud alitazama ile saba mpya iliyonenepa kuliko tarakimu zenzake. Alitaka kuuliza jambo, lakini jua lilikuwa linapanda, na Matungu kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Kulthum, mkewe, alikuwa amemshika shati mlangoni akamwambia maneno mawili tu: "Niletee mama." Bi Raisa hakuzaa mtoto wa kiume. Kulthum ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee, na mtu wa kwenda kumchukua hakuwa mwingine ila mkwe.

Alipita nyuma.

*

Mtu wa mochari aliitwa Oduor. Alikuwa amevaa gamubuti na aproni ya plastiki, na alimpokea Mahmoud mlangoni kwa uso wa mtu aliyechoshwa na kazi za wengine.

"617," alisema Mahmoud.

"Hiyo 617!" Oduor alitingisha kichwa. "Hiyo imenisumbua leo. Ingia. Nifunue uso, uhakikishe kabla hujaniwekea sahihi."

Alivuta kitanda cha chuma. Juu yake palikuwa na mtu mdogo aliyefungwa kwenye shuka la hospitali kuanzia kichwani hadi miguuni, kibandiko kikining'inia kwenye kidole gumba. Oduor alishika ncha ya shuka. Mahmoud akageuka upande wa ukuta kama aliyepigwa kofi.

"Usifunue!"

"Kwani?"

"Ni mama mkwe wangu."

Oduor alicheka. "Nyinyi Waluhya na wakwe zenu! Amekufa, bwana. Bado anakuogopa?"

"Mimi ndiye ninayemwogopa."

Haikuwa mzaha. Dini haikumkataza Mahmoud kumtazama mama wa mkewe, na imamu alishawaambia hivyo mara nyingi. Lakini kabla ya msikiti kulikuwa na boma, na kwenye boma lile mkwe hakumpa mama mkwe mkono, hakuketi naye kwenye mkeka mmoja, wala hakumtazama usoni. Tangu alipomuoa Kulthum, yeye na Bi Raisa walikuwa wakisalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia udongo. Walipokutana njiani alishuka baiskeli na kuingia kwenye miwa mpaka apite. Hata jana usiku alipokuwa akimleta hospitali ndani ya pikapu ya nduguye Bilal, alikaa mbele na dereva, na Bi Raisa alilala nyuma kichwa kikiwa kwenye mapaja ya jirani. Alimheshimu kwa namna hiyo moja tu aliyoijua, na hakuona sababu ya kumvunjia heshima kwa kuwa tu amekufa.

"Angalia hata mara moja," Oduor alisema, na safari hii hakuwa anacheka. "Alfajiri nilipewa watu wawili wenye 618. Wawili! Nikaenda kumuuliza yule kijana wa kompyuta, akaniambia haiwezekani, mashine hairudii nambari, ila ana 617 ambayo haina mtu. Akasema mmoja wao nimfunge 617. Nikafunga."

"Ulijuaje ni yupi?"

Oduor alifuta mikono kwenye aproni. "Si ndiyo maana nakwambia uangalie."

Mahmoud alisikia. Baadaye, watu walipomuuliza kama aliambiwa, hakuweza kusema hakusikia. Alifikiria Kulthum, akafikiria jua, akafikiria aibu ya kusimama juu ya mama mkwe akimkagua kama ng'ombe wa mnada.

"Amefungwa 617, na karani amesema ni 617," alisema akiwa bado anautazama ukuta. "Mfunike vizuri. Niletee hiyo karatasi niweke sahihi."

*

Kulthum alimpokea barabarani.

"Umemleta?"

"Nimemleta."

Wanawake walimpokea maiti wakamwingiza chumba cha ndani, wakafunga mlango kwa kanga. Mwoshaji alikuwa Swafia, shangazi yake Kulthum, aliyewaosha wanawake wa mtaa ule wote. Kulthum alikataa kukaa nje. Alisema mama yake ataoshwa na mikono yake. Mahmoud alikaa na wanaume chini ya kibanda cha mabati, akisikia maji yakimwagwa, na kwa mara ya kwanza tangu usiku aliona kwamba amefanya jambo moja sawasawa.

Ndani, Swafia alikuwa anaosha kama inavyotakiwa. Alifunika mwili kwa kanga, akainua mabega kidogo, akakanda tumbo polepole ili yaliyomo yatoke. Yalitoka mengi, maji matupu kama maji ya mchele, yakalowesha mkeka, yakamlowesha Kulthum aliyekuwa ameshika miguu. "Mama amekwisha kabisa," Kulthum alisema akilia. "Amekuwa mdogo namna hii." Uso ulikuwa umebonyea, kidevu kimekazwa kwa bendeji nene iliyozunguka mashavu mpaka utosini, na Kulthum hakuweza kuutazama kwa machozi. Wakasafisha mpaka pakawa safi. Kisha Swafia akafungua bendeji, akazungushia kidole kitambaa chenye maji ili amsafishe kinywa kwa udhu.

Kilio kilichotoka ndani hakikuwa cha msiba. Wanaume walisimama.

Swafia alitoka akiwa ameloa hadi viwiko. "Mahmoud, njoo hapa. Ulimwangalia huyu mtu?"

"Kwa nini?"

"Hana meno ya chini. Ametolewa meno kwa mila, kama wanawake wa zamani. Raisa alikuwa anatafuna miwa mpaka Jumamosi iliyopita!"

Kulthum alitokea nyuma yake. Hakulia tena. Alikuja mpaka mbele ya mumewe, mbele ya imamu na majirani wote.

"Nilikuambia uniletee mama."

"Nilileta niliyepewa, Kulthum. Nambari..."

"Ulimwangalia?"

"Ni mkwe wangu."

"Nakuuliza, ulimwangalia?"

Mahmoud alitazama ardhi, kama alivyokuwa akifanya mbele ya Bi Raisa. Mzee mmoja akakohoa. Hakuna aliyemtetea, ingawa hakuna hata mmoja pale ambaye angethubutu kumtazama mama mkwe wake.

*

Alirudi hospitali alasiri ile ile. Abigail alipomwona alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mike alikuwa anakula karanga.

"Aliyechukua 618 ni nani?" Mahmoud aliuliza.

"Hizo ni habari za mgonjwa mwingine."

"Ni mama ya mke wangu! Mmempa nani?"

Alikuwa amepiga kelele. Mlinzi akasogea. Mike akatazama foleni, akashusha sauti, akaanza kueleza kama mtu anayemweleza mtoto, huku akimenya karanga.

"Sikiza, mzee. Ukiingiza mgonjwa, mashine inajitolea nambari yenyewe, mpya. Lakini haikuonyeshi. Lazima uiulize. Sasa sisi tunaiuliza, nambari ya mwisho ni ipi? Inatujibu."

"Sasa?"

"Sasa usiku nyinyi mlikuwa kwa dirisha la Abigail. Mimi nilikuwa ule mlango mwingine, naandika mama mwingine. Abigail akaweka wa kwenu, ikawa 617. Kabla hajauliza, mimi nikaweka wangu, ikawa 618. Abigail akauliza, ya mwisho ni ipi? Ikamwambia 618. Mimi nikauliza, ikaniambia 618. Wote tukaandika 618."

"Kwa nini hamkuuliza, nambari ya huyu ni ipi?"

Mike aliacha kumenya. Ilionekana swali hilo hajawahi kuulizwa. "Kijana aliyekuja kutoka Nairobi kutengeneza, Maina, aliiweka hivyo. Wakati wa mashine moja haikuwa na shida."

"Haikuwa makosa ya mashine," Abigail alidakia. "Nambari mbili zilikuwa tofauti huko ndani. Ilijibu kile iliulizwa."

Mahmoud alikumbuka usiku ule. Alikumbuka kijana mrefu upande wa pili wa ukumbi, ameingiza mwanamke mzee kwenye mkokoteni wa mikono wa kubebea mawe, anapiga kelele aandikwe haraka. Alikumbuka alivyomwonea huruma.

Alichopata baada ya kusihi ni jina moja na mahali: Erastus, Chekalini. Kwenda huko na kurudi siku hiyo kusingewezekana tena. Alirudi nyumbani jioni akamkuta Kulthum ameketi mlangoni mwa chumba alimolala yule maiti mgeni. Majirani walikuwa wameleta obusuma na ingokho, ugali na kuku. Kulthum hakugusa.

"Kula kidogo," Mahmoud alimsihi. "Kesho nitamleta, wallahi. Kula upate nguvu za kumpokea." Akasukuma sahani mbele yake, akang'ang'ana, mpaka Kulthum akanyoosha mkono ule ule uliomwosha maiti, akamega, akala. Alifanya hivyo ili mumewe anyamaze.

*

Kesho yake, Chekalini, Mahmoud na Bilal waliwakuta watu wanang'oa maturubai ya matanga. Kando ya nyumba, karibu na migomba, palikuwa na lundo la udongo mwekundu na msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe: RISPER, MAMA YETU MPENDWA.

Erastus alimtambua Mahmoud. "Wewe si ulikuwa hospitali usiku ule? Pole. Wako aliendelea aje?"

Mahmoud alieleza yote. Bilal, aliyesimama nyuma yake, alisaidia pale alipokwama. Kadri alivyoeleza, uso wa Erastus ulikuwa unafungwa kama mlango.

"Unasema kwamba nimezika mama wa mtu."

"Nasema mama yako yuko kwangu, Matungu. Amehifadhiwa vizuri. Nipeni wangu, mje mmchukue wenu."

"Mama yangu yuko pale," Erastus alinyoosha kidole kwenye msalaba. "Mchungaji ameomba. Ng'ombe amechinjwa, watu wamekula. Ukoo wote ulikuja. Unataka nifungue kaburi? Unajua kaburi likifunguliwa linataka nini? Linataka mtu mwingine. Utatoa wewe?"

"Mlimwona uso?"

"Jeneza lilipigiliwa misumari huko huko hospitali. Tulikatazwa kufungua."

Baba yake Erastus, mzee Were, alikuwa ameketi kwenye kigoda, blanketi begani ingawa palikuwa na jua. Aliinua mkono kumwita Mahmoud karibu.

"Huyo uliye naye," aliuliza polepole, "ana meno ya chini?"

"Hana, mzee."

Were alifumba macho. "Siku alipotolewa nilikuwepo. Tulikuwa watoto. Nilimcheka." Alijaribu kusimama. "Erastus, leta fimbo yangu. Twende tumlete."

"Baba, kaa chini."

"Ni mama yako!"

"Wazee wote hawana meno! Baba, ukienda huko utaleta nini hapa? Majirani hata mkono walikataa kutupa mazishini. Walisimama kule barabarani wakaimba kwa mbali. Unataka tuwalete mara ya pili?" Akamgeukia Mahmoud, akashusha sauti kama anayemwonea haya. "Yule hawezi kuzikwa mara mbili, na sisi hatuwezi kulia mara mbili. Mzike tu huko. Wewe umemshika, wewe mzike."

"Kwa nini walikataa kuwapa mkono?" Mahmoud aliuliza.

"Si kwa sababu ya ugonjwa? Watu wa afya walikuja wakanyunyiza dawa nyumba yote. Ndiyo maana kaburi hilo hata mahakama haiwezi kulifungua. Karatasi ya 618 iko kwa chifu, inasema kipindupindu."

Mahmoud aliona akilini mkono wa mkewe ukimega obusuma.

"Bwana Erastus," Mahmoud alisema, "wanawake wetu wamemwosha. Kwa mikono mitupu."

Erastus alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. "Basi ondokeni," alisema. "Ondokeni hapa kwangu."

Walipokuwa wanapanda gari mzee Were alikuwa bado anauliza fimbo yake iko wapi.

*

Swafia alikuwa wa kwanza. Alifariki kwa kuhara kabla Mahmoud na Bilal hawajarudi, na waliomzunguka sasa walisimama kando, nguo puani. Kulthum alikuwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, amekauka midomo, macho yameingia ndani.

Mgeni hakuweza kuendelea kukaa ndani. Wanaume wanne walimtoa wakiwa wamefunga mifuko ya plastiki mikononi, wakampeleka kwenye lile kaburi lililochimbwa kando ya mumewe Bi Raisa, wakamlaza ubavu, uso kibla, kwa sababu kaburi lilikuwa limechimbwa hivyo. Imamu alisimama mbali.

"Hutamsomea?" Mahmoud aliuliza.

"Nimsomee nini? Ni Mkristo. Na wake kule wamemwombea mwingine."

Basi walifukia kimya. Mahmoud alipopita na jembe, Kulthum alifumbua macho.

"Mmezika nani?"

"Tulia. Bilal anageuza gari, tunakwenda hospitali."

"Kando ya baba. Mmezika nani kando ya baba?"

Hospitali nyingine iliyokuwa na dripu haikuwepo karibu. Walimpeleka hospitali ile ile.

Foleni ilikuwa imejaa wagonjwa wa kuhara, wengine wamelala sakafuni. Abigail alivaa kitambaa puani. Alianza kubonyeza jina, na upande wa pili wa ukumbi Mahmoud alimwona Mike naye ameinamia mashine yake, mtu amesimama mbele yake.

"Ngoja!" Mahmoud alipiga kelele. "Mike, ngoja kwanza! Usiweke wako mpaka huyu apewe nambari yake!"

"Huyu mzee ni mwenda wazimu?" mtu mmoja aliuliza. "Wagonjwa wanakufa hapa!"

"Mwondoeni! Anaifanya foleni kuwa yake peke yake!"

Mlinzi alimshika shingo, akamsukuma pembeni. Mike alikuwa ameshabonyeza. Abigail akanakili nambari kwenye kadi, akanakili kwenye kibandiko, akampa muuguzi bila kumtazama Mahmoud machoni. 641. Kama ilikuwa ya Kulthum au ya yule mtu wa Mike, hakuna aliyejua, na Abigail hakuuliza.

Walimlaza Kulthum kwenye kitanda cha turubai kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake. Muuguzi alipokwisha kumchoma dripu, Mahmoud alimwomba kalamu. Akapiga magoti. Akaushika mkono wa mkewe, ule usio na sindano, akaufuta kwa shati lake, akaanza kuandika kwenye ngozi iliyokuwa imekunjamana: KULTHUM, wa MAHMOUD, MATUNGU. Kalamu ilikuwa inagoma na alikuwa akirudia kila herufi.

"Unamwandika kama gunia la mahindi?" muuguzi alisema. "Ana nambari huyo."

Mahmoud hakuacha. Alipomaliza aliinua kichwa akamtazama mkewe usoni, paji, kovu dogo juu ya jicho, kidevu, mdomo, akitazama kama mtu aliyeambiwa ataulizwa baadaye. Alitazama muda mrefu. Kulthum alifumbua macho akamkuta pale.

"Leo ndiyo unaangalia," alisema, akageuzia uso ukutani.